Baiskeli ya Dada Iliyokuja Kwenye Boksi

Niseme mapema, yaishe: baiskeli ile niliichagua mimi. Dada alibonyeza tu pale pa mwisho, pa kulipia, na hata hapo kidole chake nilikishika mimi. Kwa hiyo wanaosema dada yangu alifanya upumbavu kununua kitu ambacho hajakigusa, wamwache apumzike, waje kwangu. Mimi nipo barazani kutwa na mdomo ninao.

Dada ni msoma mita wa ofisi ya maji. Anaingia kwenye nyua za watu, anainama nyuma ya matanki au anafunua kifuniko cha chuma kilicho chini, anapangusa kioo cha mita kwa kitambaa, anaandika tarakimu kwenye daftari lake, anaaga, anaondoka. Miaka kumi na mmoja anafanya hivyo kwa miguu. Anajua mbwa gani anabweka tu na mbwa gani anauma kweli. Anajua nani anaegesha gari juu ya mita makusudi ili asomewe kwa kukisia. Mkanda wa mkoba wake mimi ndiye ninayeushona kila unapokatika, maana mimi ni mshonaji na cherehani yangu iko hatua nne kutoka mlangoni kwake. Tunaishi ua mmoja, yeye vyumba viwili, mimi kimoja. Binti yake yuko shule ya bweni, mwaka wa mwisho. Baba wa binti hayupo, na hapa tusimzungumze, tutaharibu hali ya hewa bure.

Mwanzoni mwa mwezi ule ikaja barua. Ofisi imeunganisha maeneo mawili kuwa moja, na wasomaji wa mita hawataweza tena kutembea kwa miguu. Jumatatu ya tatu, saa mbili asubuhi, kila msomaji afike ofisini na baiskeli yake mwenyewe. Ataendesha kutoka mlango wa stoo hadi getini na kurudi, mbele ya Msimamizi, kisha ataondoka nayo kwenda eneo lake jipya. Atakayeshindwa, nafasi yake atapewa mwingine. Chini kulikuwa na swali: unajua kuendesha baiskeli? Dada alikuwa ameshaweka alama kwenye ndiyo.

Mimi nilipoisoma niliona jambo moja tu, baiskeli itoke wapi. Dada alikuwa anaikunja barua na kuikunjua. Nilidhani anamuwaza mtoto.

Mtaa wetu una duka moja la baiskeli, na mwenyewe watu wanamwita Zunguka. Jina lake halisi silijui na sina haja nalo. Anaitwa hivyo kwa sababu haruhusu baiskeli itoke kwake, iwe mpya au iliyotengenezwa, mpaka mwenyewe aipande na kuuzunguka uwanja wa duka mara tatu mbele ya macho yake. Anaegemea mlango, kijiti cha kiberiti mdomoni, anakutazama magoti. Ukimaliza anapandisha siti kidogo, anasogeza usukani, anakwambia zunguka tena. Na pembeni kuna benchi ambalo halikosi watu watano, kinyozi wa jirani, wastaafu wawili na wengine ambao kazi zao hazijulikani, wote wanatazama na kila mmoja ni mtaalamu. Nimewahi kuona mtu mzima na heshima zake akizungushwa mara saba hadi shati likalowa.

Mimi na Zunguka hatuivi. Mwaka juzi nilimshonea suruali, akairudisha mara tatu. Mara ya kwanza mguu wa kushoto mrefu, mara ya pili mguu wa kulia mfupi, ambalo ni jambo lile lile, jamani, na mara ya tatu akaomba nimpime upya mbele ya wateja wangu. Tangu siku ile nikipita dukani kwake natazama mbele kama askari wa gwaride.

Kwa hiyo Dada aliposema kwa sauti ndogo kwamba labda tuangalie mtandaoni, nililidaka neno. Sikujiuliza kwa nini mtu anayetumia simu kwa kupiga na kupokea tu aje na wazo kama hilo. Nilichoona ni kwamba Zunguka atakosa mteja, na moyo wangu ukafurahi. Hapo ndipo ninapojionea aibu, maana nusu ya riziki yangu inatoka kwa watu walionunua nguo kwenye simu. Wananiletea magauni yanayowabana makwapa na suruali zinazofagia barabara, nami nazipunguza huku nawasema kwamba mwili unapimwa, hautabiriwi. Halafu mimi huyo huyo nikakaa na dada yangu kitandani, simu katikati yetu, nikamchagulia baiskeli kwa kutazama picha.

Ilikuwa ya bluu, ina kikapu mbele na keria nyuma. Juu yake kakaa mwanamke anacheka, ameachia usukani mikono yote miwili. Dada aliitazama ile mikono muda mrefu. Saizi zilikuwa tatu, mbili zimekwisha, tukachukua iliyobaki. Walituahidi siku tano.

Siku ya tano ikapita. Ya sita, ya saba. Kwenye simu yalikuwepo maneno mawili tu, mzigo njiani, na kila tulipofungua tuliyakuta pale pale. Njiani wapi, hakuna aliyejua. Nilipiga namba yao, akapokea binti mwenye sauti laini akanisomea yale yale niliyokwisha kuyasoma mwenyewe, na nilipopandisha sauti akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Nilikuwa nikishona huku nimeweka simu kwenye paja. Kila ilipotetemeka niliidaka, kumbe ni mteja anaulizia gauni lake.

Dada ndiye aliyenitia hofu zaidi. Aliacha kula vizuri. Alfajiri nilikuwa namsikia ameamka, anafagia ua ambao aliufagia jana jioni. Siku ya nane akaniuliza isipofika itakuwaje. Nikaapa kwamba itafika, naapia kitu nisichokijua. Siku ya kumi akaniuliza ikifika itakuwaje. Nikamwambia ikifika si ndiyo raha yenyewe? Akasema ndiyo, raha, akaingia ndani.

Boksi liliteremshwa Ijumaa saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki siku mbili na usiku wake. Lilikuwa kubwa kama mlango, kona moja imechanika na imezibwa kwa gundi ya karatasi. Nilitegemea nitaona baiskeli. Nikaona fremu peke yake, gurudumu la mbele peke yake, usukani umelazwa ubavu, na mfuko wa vitu vidogo vidogo ambao ukiutikisa unalia. Kulikuwa na karatasi moja ya michoro isiyo na neno hata moja, na spana nyembamba ambayo hata kufungua mdomo wa kopo ingepinda. Sikutaka Dada aone hofu yangu. Nikamwambia mtu anayefungua na kufunga cherehani yake mwenyewe hashindwi na hiki kidude.

Na kweli gurudumu lilikaa. Usukani ulikaa, baada ya kuukaza mara ya pili. Pedeli ya kulia iliingia yenyewe, laini, nikajiona fundi. Ya kushoto ikakataa. Kwenye karatasi kulikuwa na mshale unaoonyesha kuzungusha upande wa pili, nikadhani mchoraji kakosea, maana skrubu zote nilizowahi kukutana nazo duniani hukazwa kuelekea kulia. Nikaazima spana kubwa kwa jirani. Nikachomeka bomba kwenye mpini wake ili nipate nguvu. Nikakaza. Ikalia krr, ukamwagika unga wa chuma sakafuni, pedeli ikakaa upande kidogo, halafu nilipoigusa ikaanguka.

Sasa angalia. Mimi nimepiga magoti, jasho linanitoka, nimeharibu kitu cha dada yangu kinachoshikilia kazi yake, nanyanyua macho niombe radhi, na naona nini usoni kwake? Naona amepumua. Mabega yameshuka. Kwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili dada yangu anaonekana mtu aliyepumzika. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Hebu sema kweli," nikamwambia. "Unaitaka hii kazi au huitaki?"

Akakaa juu ya boksi. Akaishika ile pedeli, akaigeuza geuza.

"Sijui kuendesha," akasema. "Sijawahi hata siku moja."

Nilicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Nilicheka kwa sababu dada yangu ndiye aliyetufundisha sote kuendesha baiskeli. Tulikuwa watoto wanne nyumbani na baiskeli moja ya baba, nyeusi, nzito, na kila jioni baba akirudi Dada aliichukua akatutoa barabarani mmoja mmoja. Kaka zetu wawili aliwafundisha yeye. Mimi kitinda mimba alinifundisha yeye. Namkumbuka anakimbia nyuma yangu, kashika siti, viatu mkononi, ananiambia nitazame mbali, nisitazame gurudumu. Wote wanaotujua wanajua hivyo. Nikamkumbusha hayo kwa sauti ambayo nadhani mtaa mzima uliisikia.

"Mlikuwa mnapanda ninyi," akasema. "Mimi nilikuwa nashika."

Nilijaribu kumkumbuka juu ya ile baiskeli, hata mara moja, nikamkosa. Akanieleza polepole kwamba mwanzoni alingoja zamu yake, na zamu ilipofika sisi wadogo tulikuwa tunalia, au maji ya kuoga yako motoni, na mbio mbio akawa msichana mkubwa anayeona haya kuanguka mbele ya watu. Baada ya hapo kila mtu aliamini anajua, naye akaacha waamini. Alipoweka alama kwenye ndiyo alimuwaza binti yake aliye mwaka wa mwisho. Na wazo la mtandaoni lilikuwa hilo tu: kwa Zunguka angelazimika kuzunguka, mbele ya benchi, na siri ingekwisha hapo hapo. Alipanga baiskeli ikifika mapema aamke alfajiri ajifundishe kwenye ukuta wa nyuma ya shule. Siku saba za kuchelewa ndizo zilizommaliza.

Niliumia, sitaki kusema uongo. Niliumia kwa ajili ya baiskeli, kwa ajili ya pedeli, na zaidi kwa ajili ya ule ujinga wangu wa miaka yote. Nikajikuta nimemwambia kesho tunakwenda kwa Zunguka na asibishane nami. Akasema haendi. Nikamwambia atakwenda, hata kama ni kwa kubebwa ndani ya hilo boksi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda tukiisukuma, mimi nimeshika usukani, yeye anatembea nyuma hatua kumi kana kwamba hatujuani. Benchi lilikuwa limejaa. Zunguka aliitazama baiskeli, akaitazama karatasi ya duka la mtandaoni iliyobaki imening'inia kwenye keria, akanitazama mimi. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimeshajiandalia majibu matatu, yote makali. Lakini alichuchumaa tu, akaingiza kidole kwenye tundu la pedeli, akakitoa kimejaa unga wa chuma. Akaniambia pedeli ya kushoto ya baiskeli hukazwa kinyume, duniani kote, na aliyeikaza hivi ana nguvu nyingi. Uzi wa tundu, ile mikato inayoshika skrubu, umekufa, akasema, inabidi abadilishe mkono mzima wa pedeli. Anao wa zamani, mweusi, ataufunga. Kisha akapima fremu kwa macho, akasema baiskeli hii ni ya mtu mrefu, na mwenyewe apande kwanza, aone siti iwekwe wapi.

Dada alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta. Benchi zima likageuka kumtazama. Nikaanza kusema kwamba ana mafua, kwamba goti linamsumbua, nilikuwa naokoteza maneno tu.

"Sijui kuendesha," Dada akasema, kwa sauti ya kawaida. "Na Jumatatu saa mbili naangaliwa kazini."

Kinyozi akafungua mdomo. Zunguka akamgeukia, akamwambia atakayecheka leo anabeba benchi lake anakwenda nalo. Mdomo ukafungwa. Niliona Zunguka anafikiri, na sikujua anafikiri nini. Angeweza kumwambia asimpotezee muda. Siku mbili kwa mtu wa miaka arobaini na minne, hata mimi nilikuwa najua hesabu haitoki. Akatoa kijiti mdomoni.

"Basi tutoe na pedeli ya kulia," akasema.

Akaitoa. Akashusha siti mpaka mwisho, nyayo za Dada zikakaa chini zote mbili. Akamwambia asahau kama kuna pedeli duniani, asukume ardhi kwa miguu, akae, ateleze, miguu ikae tayari. Huwezi kuanguka, akamwambia, umesimama tayari. Na Dada, mtu mzima, msoma mita, mbele ya watu watano wasio na kazi, akaanza kusukumasukuma kama mtoto anayejifunza kutembea. Mzunguko wa kwanza nilitaka kulia. Wa kumi nilianza kuhesabu. Alipofika wa thelathini miguu yake ilikuwa inakaa hewani mpaka nimeze mate mara mbili. Uwanja wa Zunguka upande mmoja una rundo la ringi mbovu na fremu kuukuu, kwa hiyo kila anayezunguka hapo huzunguka kwa kushoto, na Dada alizunguka kwa kushoto kutwa nzima. Nilipouliza nimlipe nini kwa kazi yake Zunguka akasema nimshonee suruali, ila nitampima mara tatu. Nikakubali shingo upande.

Jumapili akafunga pedeli zote mbili, ule mkono mweusi kushoto na wa fedha kulia. Hapo mambo yakaharibika upya. Dada akikumbuka pedeli anasahau usukani, akikumbuka usukani anasahau kupumua. Alianguka mara nne kabla ya adhuhuri. Mara ya nne alikaa chini akaziangalia nyayo zake, akasema kesho atakwenda ofisini kuwaambia ukweli, wampe nafasi hiyo mwingine. Alisema hivyo kwa utulivu, na utulivu wenyewe ulinitisha kuliko machozi. Nikamwambia apande. Nitashika mimi.

Mimi si mtu wa mbio. Nina mwili, nina ndara, na mara ya mwisho kukimbia sikumbuki nilikuwa nakimbia nini. Nikashika siti nyuma, akaanza, nikakimbia. Mzunguko mmoja, miwili. Nikasikia sauti yangu inamwambia atazame mbali, asitazame gurudumu. Yeye anauliza kila baada ya hatua mbili kama nimemshika, nami namwambia nimekushika. Mzunguko wa tatu kwenye kona mkanda wa ndara ukachomoka, nikaenda chini kwa goti, siti ikaniponyoka. Nikawa nimelala pale kwenye mchanga na baiskeli ya bluu inakwenda.

"Umenishika?" akauliza, yuko upande wa pili wa uwanja.

"Nimekushika," nikamjibu, chini pale pale nilipoanguka.

Kinyozi alikuwa ameinuka wima. Dada alizunguka uwanja wote, akatokea mbele yangu, akaniona nimekaa chini, uso ukambadilika, na baiskeli ikaingia kwenye rundo la ringi. Lakini alikuwa amekwenda, na yeye mwenyewe alijua. Mpaka jua linashuka alikuwa anapanda peke yake na kuzunguka mara sita bila kuweka mguu chini. Zunguka alimwambia angepata siku moja zaidi ingetosha, na hatukuelewa kama huko ni kumtia moyo au kumkatisha tamaa.

Jumatatu akaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anaisukuma, ili afike kabla ya wote. Alinikataza kumsindikiza. Nikakaa kwenye cherehani, na nawaambia sikushona kitu siku ile, niliharibu tu. Nilishona mkono wa blauzi kwenye shingo. Saa mbili ilipofika nilisimama. Saa tatu nikaanza kungoja simu, nikakumbuka kazini simu yake huiweka chini kabisa ndani ya mkoba. Nikajipa moyo kwamba kama ameshindwa angesharudi. Halafu nikawaza kwamba kama ameshindwa hatarudi upesi, atakwenda kukaa mahali peke yake. Mawazo hayo mawili yalipokezana mpaka saa nane.

Saa nane akaja mteja kuchukua gauni, na katika maongezi yake mengi akasema kule barabara ya mlimani ameona mtu na baiskeli ya bluu kwenye mtaro, watu wamemzunguka. Mwanamke? Hakuangalia vizuri, alikuwa na haraka. Nilimpa gauni lisilopigwa pasi. Nikapiga simu ya Dada mara tisa, ikaita mara zote tisa. Siku za kawaida saa tisa huwa amerudi. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Saa kumi na moja nikafunika cherehani, nikasimama barabarani, natazama upande wa kulia, ule atokeao kila siku akitoka ofisini. Zunguka naye akatoka dukani, akasimama hatua chache kutoka kwangu, akajifanya anatafuta nati mchangani. Nilikuwa naona ile picha ya mwanamke anayecheka, ameachia mikono, na nilikuwa nataka kumpiga kofi.

Kengele ikalia nyuma yetu.

Tukageuka. Dada alikuwa anakuja kutoka kushoto, upande ambao hakuna ofisi, hakuna mlima, hakuna chochote isipokuwa njia ndefu inayozunguka nyuma ya kiwanda cha matofali. Suruali imechanika gotini. Kiwiko kina damu iliyokauka. Kikapuni daftari limefungwa kwa kamba. Akaja mpaka mbele yetu, akasimamisha kwa miguu yote miwili, vumbi likaruka.

"Nimesoma mita arobaini na moja," akasema.

Halafu akaanza kueleza, haraka haraka, hata salamu hatukupeana. Ofisini alipanda wa tatu. Kutoka stoo hadi getini alikwenda, na kwa bahati ua wa ofisi ni mpana, akageuka kwa kushoto, akarudi, Msimamizi akaandika jina lake bila kuinua kichwa. Basi, imekwisha, kazi anayo. Tatizo lilianza nje ya geti. Eneo lake jipya liko kulia. Alipojaribu kukata kulia mwili ukagoma, usukani ukagoma, kila kitu kikataka kwenda kushoto, akaingia mtaroni mara ya kwanza. Mlimani akaingia mara ya pili. Baada ya hapo akaamua asibishane. Kila alipotakiwa kwenda kulia alikata kushoto, kushoto tena, kushoto tena, akauzunguka mtaa mzima mpaka akatokea anakotaka. Ndivyo alivyosoma mita zote na ndivyo alivyorudi nyumbani. Msimamizi alipokutana naye njiani alimpigia kelele kwamba anapotea njia, akamjibu kuna kitu anakiangalia upande ule.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na machozi yakatoka yale ambayo nilikuwa nayaweka tangu saa tatu. Zunguka hakucheka. Aliangalia rundo lake la ringi na fremu mbovu, akamwambia Dada kesho alfajiri aje, litakuwa limehama, azunguke upande wa pili. Kisha akarudi dukani na tukaanza kusikia vyuma vinaburutwa.

Dada akashuka. Hakuwa na nguvu ya kupanda tena hata kwa zile hatua chache, akawa anaisukuma kuelekea nyumbani, ananihadithia mbwa wapya wa mlimani ambao bado hajajua yupi anauma. Mimi nilikuwa namsikiliza na kuitikia. Tulipofika mlangoni akageuka akaniuliza mbona namvuta nyuma. Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshika siti njia nzima.